Diski Iliyokuwa Chumbani kwa Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha mkinicheka, na mlikuwa na haki. Kwa wale ambao hawakuwa nasi, acha nijianike tena kwa ufupi.

Mimi ni Elphas. Nina duka la kompyuta hapa Kaptembwo, Nakuru, na mdomo wangu ni mkubwa kuliko duka. Mwaka juzi nilimshawishi baba mkwe wangu, Mzee Nicodemus wa eneo la Bahati, kwamba familia iwe na wingu lake yenyewe: kompyuta moja nyumbani kwake, ihifadhi picha, video na barua za kila mtu. Nikawaambia wote waweke vitu vyao huko, kisha wafute kwa simu. "Huko ni salama kuliko benki," nilisema. Ni maneno yangu, siyakani.

Mzee akafariki. Mwezi huu wingu likakwama, likasema halioni folda ya data. Nikavurugavuruga setingi, nikabomoa kontena ya programu, nikaijenga upya. Nilipofungua, programu ikanikaribisha kama mgeni: fungua akaunti ya kwanza. Picha hata moja haikuwepo. Kwa wiki mbili nikawa nawaambia watu kwamba "inajipanga."

Ingekuwa ni picha za harusi tu, ningeomba radhi na kununua soda. Lakini kulikuwa na sauti moja humo.

Miaka tisa iliyopita, shemeji yangu Quincy alimwinulia babake mkono mbele ya watu. Mzee akamfukuza nyumbani. Quincy akaenda Naivasha kwenye mashamba ya maua, na hata siku ya mazishi wazee walimzuia langoni. Lakini mke wangu Celestine aliwaambia kwamba baba yao, akiwa hospitalini, alimsamehe Quincy, na kwamba yeye Celestine alirekodi maneno hayo kwa simu.

Mzee Sydney, kaka mkubwa wa marehemu, akasema sawa. Kwenye ibada ya ukumbusho ya mwaka mmoja, hiyo sauti ichezwe watu wasikie. Quincy ataingia, atasimama na ndugu zake, atashika udongo wa kaburi la babake.

Ibada ilikuwa Jumamosi. Sauti ilikuwa kwa wingu langu. Na kwa simu ya Celestine haikuwepo tena, kwa sababu simu ilikuwa imejaa, na fundi fulani mwenye kiherehere aliichukua, akapandisha kila kitu kwa wingu na kuisafisha. Fundi huyo mnamjua.

Sasa tuendelee.

Alhamisi asubuhi Celestine aliniwekea chai mezani akabaki amesimama.

"Baba Bravin, leo ni Alhamisi."

"Najua."

"Mzee Sydney amesema hatangoja Jumamosi. Anataka kusikia hiyo sauti leo saa tisa, nyumbani Bahati. Na Quincy anakuja. Iko ama haiko?"

"Iko. Inajipanga."

"Imejipanga wiki mbili?"

"Mama Bravin, hizi ni vitu za kitaalamu."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Kulikuwa na kitu usoni mwake nilichodhani ni hasira. Nilikosea, lakini hayo mtayasikia.

Saa nne nilikuwa Bahati, nimekaa sebuleni kwa marehemu na laptopu magotini.

Hapa lazima nieleze jambo, maana bila hilo mtaniona mjinga zaidi ya nilivyo. Hiyo kompyuta ya familia inakaa chumba cha kulala cha mama mkwe wangu, Mama Nangila. Ndicho chumba pekee chenye kufuli ya maana. Na mimi ni mkwe. Kwetu Waluhya, mkwe haingii chumba cha mama mkwe. Hamsalimii kwa mkono. Kitanda chake hakioni hata kwa picha. Siku ya kuweka hiyo kompyuta, mzee mwenyewe ndiye aliibeba akaiingiza ndani, na shemeji yangu mdogo Abby akachomeka waya huku mimi nikipiga kelele kutoka sebuleni: "Ile ya buluu! Si hiyo, ile ingine!"

Kwa hiyo kazi yote niliifanya kwa Wi-Fi, nikiwa upande huu wa ukuta.

Na kwa msiojua, kontena inayobeba programu ni kama kibanda cha mbao. Unaweza kukibomoa asubuhi na kukijenga jioni bila hasara, mradi bidhaa ziko stoo. Kwenye setingi kuna mstari mmoja unaoiambia kontena stoo iko wapi. Huo mstari nimeusoma mpaka naukariri. Haukuwa na kosa. Nikiifungua hiyo stoo, ni tupu.

Ilipofika saa tano nilimeza fahari yangu nikampigia Kosgei. Huyu ni rafiki yangu anayeshughulikia seva za shamba moja kule Naivasha. Nilikuwa nimekataa kumpigia wiki mbili nzima kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha hiyo kazi.

"Niaje, mwalimu," akasema.

"Poa. Kosgei, hii kitu imenishinda."

"Ebu sema. Mstari wa stoo uko sawa?"

"Uko sawa."

"Ruhusa za folda?"

"Nimebadilisha mara nne."

"Anwani zinazokubaliwa? Nenosiri la database?"

"Yote nimeweka upya."

"Na diski yenyewe iko?"

"Iko aje?"

"Imechomekwa, Elphas. Waya. Kwa mkono."

Nikautazama ukuta.

"Uliza mashine inaona diski ngapi," akasema.

Nikaiuliza. Ikajibu moja. Zilitakiwa kuwa mbili: ile ya ndani, na ile ya nje tuliyoweka vitu vya familia.

"Boss," Kosgei akasema polepole, "wiki mbili umekuwa ukitengeneza mlango wa stoo na stoo haiko. Kontena ilipokosa diski ikajitengenezea folda tupu. Hakuna kitu kimefutwa. Vitu vyako viko kwa diski. Ingia tu hapo uangalie waya."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Iko chumbani kwa mama mkwe."

Alicheka mpaka nikakata simu.

Lakini niliruka, wasomaji wangu. Nilisimama nikaruka kama mtoto. Faili haikuwa imepotea! Ilikuwa hatua sita kutoka nilipokuwa, nyuma ya mlango wa rangi ya maziwa.

Mama Nangila akatoka jikoni na chai. Aliiweka mbali nami kama kawaida, akaketi karibu na mlango, uso nje.

"Abby yuko wapi, Mama?"

"Ameenda mjini kuchapisha karatasi za ibada. Atarudi jioni."

Jioni! Na Mzee Sydney anakuja saa tisa.

"Mama," nikaanza, nikiongea na kikombe, "huko ndani ni kuzuri?"

"Huko ndani wapi?"

"Huko… kompyuta inakaa."

"Kompyuta iko."

"Na kile kisanduku kidogo cheusi? Kilikuwa kando yake."

Mama alirekebisha leso yake. "Mkwe, unataka kujua vitu viko chumbani kwangu?"

"Hapana! Hapana kabisa, Mama. Nilikuwa nauliza tu."

"Mambo ya huko utaongea na Abby."

"Sawa, Mama. Chai ni tamu."

Chai nilikuwa sijaionja.

Ningesema tu, "Mama, naomba uangalie kama kuna waya umechomoka." Sentensi moja. Mtoto wa darasa la pili angeisema. Lakini mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilishindwa, kwa sababu ningeisema ningekuwa nakiri kwamba wiki mbili nilidanganya familia nzima juu ya waya.

Saa sita na nusu Mama Nangila alichukua kikapu akaenda shambani kuchuma mboga za managu. Nilimwona dirishani akiinama kwenye mistari, mgongo kwangu. Nilimsikia akiimba.

Ufunguo alikuwa ameuacha mlangoni.

Sitajitetea. Nilivua viatu. Nikafungua mlango, nikaingia nikiangalia vidole vyangu vya miguu, na nikatambaa kwa magoti ili nisione chochote kilicho juu ya sakafu. Nilifuata waya wa buluu kwa mkono hadi kwenye kompyuta. Diski ilikuwa hapo juu yake. Waya wake ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri, ukafungwa na raba ya kufungia sukuma wiki.

Nikaichomeka. Taa yake ndogo nyekundu ikaanza kuwakawaka, na machozi yakanitoka.

Nikainuka, nikageuka, na Mama Nangila alikuwa mlangoni.

Managu yakaanguka. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akajifunika uso na leso, akakimbia. Mwanamke wa miaka sitini na saba, namkimbiza nyumbani kwake mwenyewe!

Nilitoka humo nikiwa nimeshika viatu mkononi, nikaketi sebuleni. Uso wangu nilikosa pa kuuweka. Nilitamani ardhi ya Bahati ipasuke inimeze na laptopu yangu.

Baada ya muda sauti yake ikatoka jikoni, nyuma ya ukuta.

"Mkwe."

"Mama."

"Umeona kitanda changu."

"Sikukiona, Mama. Naapa. Niliangalia chini."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Ule waya, Mama. Ulikuwa umechomolewa."

"Ni mimi niliuchomoa. Hako kataa kalikuwa kananiwakia machoni nashindwa kulala. Ungemtuma mtu aniulize, ningemwambia."

"Niliogopa, Mama."

"Uliogopa kuniuliza. Kuingia hukuogopa."

Nikavaa viatu.

"Mbuzi wa faini utaleta," akasema. "Wazee watakwambia wa rangi gani. Sasa maliza kazi uliyokuja kufanya, usiongee na mimi."

Nilimaliza kazi. Nilisimamisha kontena, nikaiamuru mashine itambue diski, nikairudisha ile setingi yangu ya zamani ambayo haikuwa na kosa tangu mwanzo, nikawasha. Ukurasa wa kuingia ukaja na ile picha ya mzee akiwa na kofia yake ya reli. Nenosiri la zamani likakubali. Harusi yetu ikawepo. Bravin akiwa mchanga akawepo. Kila kitu kilikuwepo, hadi risiti za shule za Abby.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu, kwenye nyumba ambayo nilikuwa nimeiaibisha.

Hapo ningefunga laptopu ningoje wageni. Lakini mimi ni mimi. Nikajiambia acha nihakikishe kwamba faili inacheza, isije ikanikwamia mbele ya Mzee Sydney. Folda ya Celestine ina nenosiri lake, ila mwenye mashine hafungiwi mlango. Nikainakili kwa laptopu, nikavaa spika za masikio, nikafungua.

Dakika kumi na moja.

Mwanzoni mzee anacheka. Anasimulia vile akiwa kijana wa reli hapa Nakuru walipoteza behewa la mahindi, wakalitafuta siku mbili, kumbe waliliegesha wao wenyewe. Anakohoa. Anaomba maji. Namsikia Celestine akimpa. Ilikuwa ni yeye kabisa, na ile sauti yake ya mtu anayeongea juu ya kelele ya gari moshi hata kama hakuna gari moshi. Nilicheka na yeye.

Kisha kwenye dakika ya tisa Celestine anasema, "Baba, na Quincy?"

Mzee ananyamaza sana, unadhani faili imekatika.

"Mkono ulioinuka juu yangu," anasema, "usishike udongo wa kaburi langu. Waambie Sydney na wengine. Nimemaliza."

"Baba, tafadhali."

"Nimemaliza, Celestine."

Halafu ni Celestine akilia, na mwisho.

Nilisikiza mara mbili. Mara ya pili nilisikiza nikitumaini kwamba nimekosea.

Celestine aliingia saa nane na nusu, peke yake, akaniona na spika masikioni. Mfuko wake ukateleza begani.

"Umeipata," akasema. Hakufurahi.

"Nimeipata."

"Umeisikia?"

"Yote."

Aliketi kando yangu, akaangalia mlango wa jikoni, akateremsha sauti. "Ulifungua folda yangu."

"Uliambia watu kwamba alimsamehe."

"Quincy alikuwa ananipigia kila siku, Elphas." Aliniita jina, jambo ambalo hafanyi. "Kila siku, analia. Anauliza baba alisema nini. Wewe ungemwambia nini?"

"Na ukawaambia wazee umerekodi!"

"Nilisema kwa hasira. Walikuwa wananiita mwongo. Sikujua watataka kusikia. Nilifikiri nitaifuta, kumbe ushaichukua kwa simu yangu ukaiweka kwa wingu lako."

"Lakini wiki mbili unanisumbua, iko, haiko, iko, haiko."

"Nilikuwa nangoja useme imepotea!" Machozi yakamtoka. "Kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu ukubali tu. Sema imepotea, basi. Lakini wewe ni inajipanga, inajipanga. Ungekubali aibu yako siku ya kwanza, saa hii tungekuwa tumemaliza."

Hilo lilinipiga mahali. Mwanamke anaomba bwanake awe ameshindwa, na bwana kwa kiburi anakataa hata hiyo.

Nje mlango wa gari ukafungwa. Tukasikia kikohozi cha Mzee Sydney.

"Unataka nifanye nini?" nikamnong'oneza.

"Sijui," akasema. "Wewe ndiye fundi."

Mzee Sydney aliingia na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha marehemu. Nyuma yake, hatua mbili nje ya kizingiti, alisimama Quincy. Sikuwa nimemwona kwa miaka tisa. Alikuwa amekonda, kichwa kina mvi, na mkono wa kulia alikuwa ameuficha ndani ya koti ingawa kulikuwa na jua kali.

"Wewe baki hapo kwanza," mzee akamwambia. Kisha kwangu, "Mkwe, nimekuja kumsikia ndugu yangu. Ipo ama haipo?"

Nilikuwa nimeshafunga laptopu na kuirudisha kwa begi. Begi lilikuwa mapajani. Nilihisi joto lake kupitia suruali.

"Mzee," nikasema, "imepotea."

"Imepotea aje?"

"Nimeipoteza mimi. Nilivuruga setingi. Nimekuwa nikiwadanganya wiki mbili. Hakuna kitu kimebaki, si sauti, si picha."

Jikoni sufuria ikatulia. Mama Nangila alikuwa anasikia.

Mzee Sydney hakupandisha sauti. Ningependelea apandishe. "Tulikupa binti," akasema. "Tukakupa na nyumba yetu yote uihifadhi kwa hiyo sanduku yako. Na ulikuwa unakuja hapa kunywa chai ya huyu mama ukijua."

"Ndiyo, mzee."

"Wewe ni mtu bure, Elphas."

"Ndiyo, mzee."

Mnaweza kushangaa, lakini nilihisi nafuu. Kwa mara ya kwanza tangu shida hii ianze nilikuwa nimedanganya kwa faida ya mtu mwingine, na nilikuwa tayari kuitwa mtu bure hadi kufa.

Mzee akafikiria, akigonga sakafu kwa fimbo. "Basi. Chombo kikiharibika, hayo si makosa ya Quincy. Celestine, utaapa Jumamosi mbele ya kaburi la baba yako kwamba ulimsikia akimsamehe?"

Celestine hakuniangalia.

"Nitaapa," akasema.

"Hayo yatatosha. Quincy, ingia."

Quincy akavuka kizingiti kama mtu anayekanyaga maji ya moto. Hakuenda kwa mzee. Hakuenda kwa dadake. Alikuja moja kwa moja kwangu, akachuchumaa mbele ya kiti changu, na nikajua anakuja kunitukana, nikajitayarisha.

Alitoa ule mkono wa kulia kwenye koti akaushika wangu.

"Shemeji, usijisumbue sana," akasema. "Mambo hutokea. Mimi hata hayo ya msamaha sikuwa nayatafuta hivyo. Celestine alishaniambia, nikaamini."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni vile tu sikumzika. Na sasa nimeanza kusahau sauti yake. Nikiwa kazini najaribu kuikumbuka inakataa." Akaubana mkono wangu. "Nilitaka nimsikie tu. Hata akiongea upuzi. Hata akikohoa. Shemeji, kwa hiyo mashine yako, kweli hakuna hata sekunde kumi zimebaki?"

Begi lenye ile sauti lilikuwa baina yetu. Kiwiko chake kilikuwa juu yake.